Shimo la Mgodi Likiota Majani, Je, Mchicha Wake Unalika?



Mama mmoja kutoka upande wa Kilindi aliniuliza swali akiwa kwenye benchi la kliniki ya watoto, nami siku ile nilimjibu kwa kifupi mno. Alisema hivi: “Nesi, nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mwalo wa kuoshea dhahabu. Wachimbaji wamehama, nyasi zimeota, nami nimepanda mchicha na matembele. Mchicha wangu unastawi kuliko wa jirani. Kuna ubaya?”

Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia aoshe mboga vizuri kabla ya kupika, kisha nikaita mtoto aliyefuata. Jioni, nikiwa njiani kurudi nyumbani, swali lile likanirudia, kwa sababu kuosha ni nusu tu ya jibu, tena nusu ndogo. Mwezi huu naandika ile nusu iliyobaki, kwa ajili yake na kwa familia nyingine zinazolima, kuchunga au kucheza kwenye ardhi iliyowahi kuchimbwa.

Mashimo si ya aina moja

Mkoa wetu wa Tanga umechimbwa pengi kuliko tunavyodhani. Ukitoka mjini kwenda Amboni na Maweni utaona machimbo ya mawe ya chokaa. Pongwe kuna kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha mwaka 1980, nacho kinatumia mawe ya namna hiyohiyo. Bonde la Umba limetoa vito vya rangi kwa miaka mingi. Huko Handeni na Kilindi wachimbaji wadogo wanatafuta dhahabu. Hata kwenye milima ya Usambara Mashariki, jirani na Hifadhi ya Amani, kulizuka mbio za dhahabu mwaka 2003 pale Sakale. Maelfu ya watu walikwenda kuchimbua kingo za vijito vinavyolisha mto Zigi, na maji ya mto huo ndiyo yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini. Kwa hiyo wewe unayeishi Ngamiani au Chumbageni, usidhani kwamba habari hii ni ya watu wa porini tu.

Lakini mashimo hayo hayana ugonjwa mmoja. Shimo la mawe ya chokaa lina njaa. Udongo wa juu umekwanguliwa, umebaki mwamba mweupe unaochoma macho, na hakuna mboji wala mdudu. Mvua ikinyesha maji yanatuama na mbu wanazaliana, na watoto wanaokwenda kuogelea humo wengine hawarudi. Hatari hizo si ndogo. Hata hivyo, kwa kawaida mwamba wenyewe hauna sumu ya kutisha.

Shimo la dhahabu ni jambo jingine. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye karasha, huyaosha kwenye mwalo, kisha huchanganya mchanga ule na zebaki. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, na donge linalopatikana huchomwa. Mvuke wa zebaki hupanda, ukapoa, ukaanguka juu ya bati, juu ya miti na juu ya udongo wa karibu. Zebaki iliyosalia hubaki katika mchanga ulioachwa, ule ambao wachimbaji wanauita marudio. Tena yapo mawe ya dhahabu ambayo kwa asili yake yana risasi. Hapa sisemi risasi ya bunduki peke yake, bali ile metali nzito ya kijivu ambayo pia hutengenezewa betri za magari. Jiwe likiwa chini ya ardhi halimdhuru mtu. Likisagwa kuwa vumbi, linaingia kifuani na tumboni.

Basi tunapouliza kama mimea inaweza kuponya ardhi ya mgodi, hatuna budi kwanza kuuliza ni mgodi gani.

Mivinje na majongoo wa Bamburi

Mfano mzuri wa shimo lenye njaa lililoponywa uko kwa jirani zetu. Ukivuka mpaka pale Horohoro, ukapita Lunga Lunga hadi Mombasa, kaskazini ya kisiwa utafika Bamburi. Kiwanda cha saruji cha hapo kilianza mwaka 1954, na kwa miaka mingi kilikata mawe ya matumbawe ya kale mpaka karibu na usawa wa maji ya chini, maji yenye chumvichumvi. Palibaki uwanja mweupe ambao hata jani moja halikuota.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, alianza kujaribu miti. Alipanda aina 26 na nyingi zikafa. Miongoni mwa ile michache iliyoishi, uliomfaa zaidi ni mvinje, mti huu huu tunaouona ukivuma kwenye fukwe zetu na ambao mafundi hutafuta boriti zake. Mvinje huvumilia chumvi. Tena mizizi yake ina vifundo vyenye vijidudu vinavyotengeneza mbolea kutoka hewani, mfano wa vile vya kunde na maharage. Ndiyo maana unaweza kuanza maisha mahali ambapo hakuna mbolea kabisa.

Hapo palitokea shida ambayo naipenda kuisimulia. Mivinje ilikua, majani yake membamba kama sindano yakaanguka na kulundikana chini, lakini hayakuoza. Yana ukakasi mkali, kama ule wa gome la mkoko ambalo wazee walitumia kutengenezea ngozi, na vijidudu vya kuozesha vilishindwa nayo. Bila kuoza hakuna mboji. Haller akaona kwamba yupo mdudu mmoja anayekula sindano hizo, naye ni jongoo mwenye miguu myekundu, huyu ambaye watoto wetu humchokoa kwa kijiti wakati wa masika ili ajikunje. Akawakusanya jongoo kwa mamia na kuwaachia chini ya miti. Jongoo akatafuna, kinyesi chake kikawa chakula cha vijidudu, na mboji nyeusi ikaanza kujijenga juu ya mwamba mtupu. Baada ya mboji ikaja miti mingine, ndege wakaja na mbegu, mabwawa yakawekwa samaki. Mwaka 1984 watu walifunguliwa njia ya kutembelea, na leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Wengi wenu mnapafahamu kwa habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 na kufanya urafiki na kobe mzee.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa sababu inatuonyesha mboji inavyozaliwa. Haikuja kwa lori. Ilitengenezwa jani kwa jani, kwa kazi ya mti, mdudu na kijidudu. Vijiji vyetu vyenye machimbo ya kokoto na chokaa vinaweza kufanya hivyo bila fedha nyingi. Miche ya mivinje ipo pwani nzima, samadi ipo, na mabaki ya mkonge yaliyooza vizuri tunayo Tanga kuliko mkoa wowote.

Lakini Bamburi hapakuwa na zebaki. Mama wa Kilindi anaishi kwenye shimo la aina ya pili.

Mboji inavyoshika metali

Risasi, zebaki na kadimiamu haziozi. Jani linaoza, mfupa unaoza, hata dawa nyingi za wadudu huvunjika baada ya muda, lakini metali hubaki metali. Kwa hiyo mimea inapoota juu ya marudio haifuti sumu. Inachofanya ni kuifunga.

Kwanza, majani na mizizi huzuia vumbi kupeperuka na mvua kusomba mchanga kwenda kisimani au mtoni. Hili pekee ni faida kubwa, maana vumbi ndilo njia kuu ya risasi kumfikia mtoto. Pili, majani yanapooza na kuwa mboji, mboji hiyo hushika metali. Risasi na shaba hushikwa kwa nguvu, zebaki nayo hushikwa sana, kadimiamu na zinki kidogo. Fikiria kanga kuukuu inayofutia masizi ya sufuria. Masizi hayakupotea, yamehamia kwenye kanga. Yakikaa humo hayachafui mkono wa mtu, lakini ukiiloweka kanga hiyo, maji yote yanakuwa meusi.

Na mboji nayo inaweza kulowekwa. Jambo baya kuliko yote ni moto. Tuna desturi ya kuchoma shamba kabla ya masika, na mahali penye zebaki moto huo unaunguza mboji na kuirudisha zebaki hewani kama mvuke, tena wakati mwenye shamba amesimama pale pale na reki yake. Risasi haitoki na moshi kwa urahisi hivyo, lakini hubaki kwenye majivu mepesi yanayopeperushwa na upepo.

La pili ni maji yanayotuama. Katika tope lisilo na hewa, vijidudu hugeuza zebaki kuwa aina nyingine iliyo kali zaidi, ambayo huingia ndani ya samaki na ndani ya mpunga. Katika mkoa wa Guizhou huko Uchina, ambako zebaki ilichimbwa kwa miaka mingi, watafiti walikuta aina hiyo katika mchele wa majaruba yaliyo karibu na migodi. Kwa hiyo bonde lililopokea marudio lisigeuzwe jaruba la mpunga wala bwawa la samaki, hata kama linaonekana kuwa na rutuba.

La tatu ni udongo mchachu. Udongo ukiwa mchachu, risasi na kadimiamu hulegea na kuingia kwenye mizizi kwa urahisi. Chokaa ya kilimo huupunguza uchachu huo, na majivu safi ya jikoni husaidia kidogo. Sisi wa pwani tuna chokaa karibu, kwa hiyo hilo si gumu.

Wapo wanaosema, kwa nini tusipande mimea inayovuta sumu kisha tukaing’oa? Ipo kweli, alizeti ni mmojawapo inayotajwa mara nyingi. Lakini kazi hiyo huchukua miaka mingi sana, na majani yaliyovunwa yenyewe yamekuwa uchafu wenye sumu. Katika kijiji chetu, nani atawazuia mbuzi wasiyale? Mimi naona kuifunga sumu chini ya mizizi na mboji ni njia ya kweli zaidi kwa watu wa kipato chetu.

Na mchicha unaostawi? Mwalo ni mahali penye unyevu, ndiyo maana mboga hupendeza. Mchicha unaweza kubeba risasi ya kumdhuru mtoto na wenyewe usinyauke hata jani moja.

Watoto wa Zamfara

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria, watoto wadogo walianza kufa wakiwa na degedege. Mwanzoni watu walidhani ni malaria. Waganga wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walipopeleka damu kupimwa ilikutwa imejaa risasi. Wazazi walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu nyumbani, kwenye uwanja ambao watoto walikuwa wakitambaa, na mawe ya huko yalikuwa na risasi nyingi. Watoto wasiopungua 400 walifariki. Ilibidi udongo wa juu wa uwanja wa nyumba hadi nyumba ukwanguliwe na kuzikwa, kisha uletwe udongo safi, kabla watoto hawajatibiwa, kwa kuwa hakuna maana ya kumsafisha mtoto damu na kumrudisha kwenye vumbi lile lile.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mtoto mmoja wa kama miaka mitatu tuliyemlaza mara tatu katika mwaka mmoja. Damu pungufu, tumbo linauma, choo kigumu, hataki kucheza. Tulimpa dawa za minyoo na za kuongeza damu. Malaria tulipima, mara ikawepo mara haipo. Mara ya tatu ndipo muuguzi mwenzangu mdogo, ambaye hakuwa na miaka miwili kazini, alipomuuliza baba: “Unafanya kazi gani?” Alikuwa akisaga mawe uani kwake, na jioni anabeba mtoto na nguo zile zile za kazi. Kipimo cha risasi hatukuwa nacho. Tulimshauri aondoe karasha nyumbani na mtoto aende kukaa kwa bibi yake Korogwe kwa muda. Alipoletwa tena kliniki baada ya miezi kadhaa alikuwa anakimbia kwenye veranda na kunitoroka. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa risasi. Ila tangu hapo swali la kazi ya baba na mahali mtoto anapochezea nimeliweka mbele, kabla ya kugusa paji la uso.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu tumbo lake hufyonza sehemu kubwa ya risasi anayoimeza kuliko tumbo la mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Kwa hiyo dagaa, maharage, maziwa na tunda baada ya mlo ni sehemu ya kinga, ingawa haviondoi kilichokwisha kuingia.

Kwa mama mjamzito kuna jambo zaidi. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na wakati wa ujauzito na kunyonyesha mwili unapotoa kalisi mifupani, risasi nayo hutoka na kumfikia mtoto. Zebaki pia huvuka kondo la nyuma. Najua akina mama wengi wana hamu ya kula udongo, ule wa pemba wa sokoni au wa kichuguu. Nimesema mara nyingi juu ya minyoo na damu, na bado nawaona mikono ikirudi kwenye pochi. Leo nasema hili tu: udongo wa mahali palipochimbwa usiguse mdomo wako kabisa.

Basi tupande nini?

Kwenye marudio na mialo ya zamani panda miti isiyoliwa, na nyasi za kushika udongo kama vetiva. Mivinje inafaa mahali penye mchanga na chumvi. Weka samadi na mbolea vunde kwa wingi kwenye kila shimo la mche, nyunyiza chokaa, na acha majani yanayoanguka yaoze hapo hapo. Usifagie, usichome. Jongoo ukimwona mwache afanye kazi yake. Boriti za baadaye zitakuwa mapato ya familia. Ng’ombe na mbuzi wasilishwe hapo, kwa sababu wakila nyasi hula na udongo, na metali hukaa hasa kwenye maini na figo, nayo risasi huingia hata kwenye maziwa.

Mboga za majani zihamishwe. Ikiwa familia haina kiwanja kingine, jaza magunia au tengeneza matuta yaliyoinuka kwa udongo uliobebwa kutoka mahali safi, mbali na ulipokuwa mwalo. Mazao ya matunda, kama nyanya, bamia, papai na nazi, hubeba risasi kidogo kuliko majani na mizizi. Muhogo na viazi vimenywe, maganda yatupwe. Mboga zioshwe kwa maji mengi, kama nilivyosema siku ile, maana vumbi lililoshika jani huondoka, lakini kilichoingia ndani ya jani hakiondoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa.

Kwa wale ambao bado wanachimba: karasha na moto wa zebaki visiwe nyumbani. Sufuria iliyochomea dhahabu isirudi jikoni hata ikisuguliwa kwa mchanga. Nguo za kazi zibaki kazini. Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, ambao umepewa jina la mji wa Japani ulioteseka kwa sumu hiyo, Tanzania iliuridhia mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kuingia uani kwako kukuzimia moto.

Mkitaka kujua hali ya udongo wenu, mwoneni bwana shamba au bibi shamba wa kata. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, wilayani Muheza, ni cha udongo na mkonge, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara za kupima sumu. Vipimo hivi vina gharama, kwa hiyo kijiji kikiomba kwa pamoja kupitia ofisi ya mtendaji ni nafuu kuliko mtu mmoja mmoja.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata kwa chanjo ya surua ya mtoto. Safari hii nilimkalisha pembeni na foleni ikasubiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mchicha wa mwalo anaweza angalau kuwauzia watu sokoni. Nikamwambia hapana, mama, na hao wana watoto. Tukahesabu pamoja magunia aliyo nayo nyumbani: yalikuwa sita.